Nguo ya Kwanza Haiombwi

Kitu cha kwanza Mawazo alichokiona kwenye lile sanduku hakikuwa kufuli lake, wala rangi ya kijani iliyokuwa bado inanata. Kilikuwa kucha. Ubavuni mwa sanduku mchoraji alikuwa amechora mkono mnono unaoshuka kutoka juu umeshika shati, na chini yake mikono mingi myembamba imenyooshwa kupokea. Mkono wa kutoa ulikuwa na saa, pete, na kucha zilizochongwa vizuri. Mikono ya kupokea haikuwa na kucha hata moja; ilifanana na miiko ya kusongea ugali. Labda rangi ilimwishia mchoraji. Labda alijiuliza mtu wa kupokea ana haja gani na kucha.

Mawazo hakumwambia mtu. Alikuwa mwanamke kijana wa haya, wa wale ambao ukiwasalimia njiani hukujibu kwa nyusi. Shule aliiachia katikati ya msingi, mwaka ambao yeye na dada yake walivuka mto Ruzizi kutoka upande wa Uvira, na tangu hapo alijizoesha kuacha watu wengine waseme. Majirani wa mtaa wa Musaga walikaa naye muda mrefu kabla ya kuijua sauti yake. Lakini kila siku alikaanga mandazi kando ya barabara, mkabala na mahali lilipowekwa sanduku, na mtu anayekaanga mandazi ana muda mwingi wa kutazama.

Chini ya mikono ile yaliandikwa maneno: KUTOA NI MOYO. Hata asiyemaliza shule anajua kwamba methali hiyo ina mguu wa pili, usambe ni utajiri. Mguu huo waliukata, na ndio uliokuwa unawahusu.

Wenye sanduku walijiita Chama cha Moyo Mkunjufu. Chama chenyewe kilikuwa Madame Huguette wa Gihosha, pamoja na wanawake waliokunywa chai kwenye baraza lake huko mlimani, ambako upepo ni mzuri na Musaga inaonekana kama kitu kilichomdondoka mtu njiani. Madame Huguette alipenda kuitwa Prezidante. Alikuwa na huruma nyingi sana, na kama watu wote wenye huruma nyingi, alikuwa anatafuta mahali pa kuimwaga. Katibu wake alikuwa Jérémie, kijana aliyevaa koti la suti hata jua likiwa utosini, na aliyening'iniza funguo za chama kiunoni kwa mnyororo, zikalia kila alipogeuka, ili mtu asisahau kwamba amegeuka.

Jumamosi moja, kazi za pamoja zilipokwisha na watu wakiwa bado wameshika majembe yenye tope la mtaro, Jérémie alipanda juu ya jiwe akasoma kanuni. Alianza na za mji. Sanduku la nguo liwe moja kwa kila kartie, yaani kila mtaa. Lisizibe njia ya watu. Liandikwe jina la mwenyewe na namba ya simu. Likijaa limwagwe, na pembeni yake pasigeuke jalala. Kanuni hizo hazikuwa na kosa. Unaweza kuona ziliandikwa na mtu aliyewahi kushika ufagio. Lakini Jérémie hakuishia hapo. Alikohoa, akaongeza za chama.

Kuanzia siku ile, alisema, hakuna nguo itakayotoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine. Kugawana nguo milangoni na kando ya barabara ni mambo ya kienyeji, kunaleta upendeleo, magomvi na uchafu. Mwenye cha kutoa ataweka sandukuni. Mwenye shida atasubiri. Nguo ikishapita mdomo wa sanduku ni mali ya chama, na mkono utakaoingia humo kuitoa ni mkono wa mwizi. Atakayeonekana anatoa kienyeji, shefu wa kartie atamtoza faini. Shefu wa kartie alikuwa amesimama hapohapo, mikono imekunjwa kifuani, anatazama viatu vyake vipya ambavyo kila mtu alijua vimetoka Gihosha.

Wanawake walitazamana. Musaga, nguo zilikuwa zimetembea kwa miguu yao wenyewe tangu zamani. Koti la mtoto wa huyu lilihamia kwa mtoto wa yule, likatoka pale likiwa na viraka, likaenda kwingine likiwa mto wa kulalia. Magomvi gani? Hakuna aliyeyakumbuka. Kama yalikuwapo yalikuwa ya maji na ya waume, si ya nguo.

Aliyeuliza alikuwa Mama Elsa, mwanamke ambaye mdomo wake hauna mlango. Alitaka kujua, kama ana gauni la mjane wa fundi baiskeli, akiliweka humo ndani, mjane atalipataje. Jérémie alijibu kwamba aweke tu, wenye kazi wanaijua kazi yao. Kisha akashuka jiwe, funguo zikalia, akaingia garini.

Sasa watu wa Musaga ni watu wanaofikiri. Walikaa wakalifikiria lile sanduku. Lina mdomo, lina kufuli, lina namba ya simu, na lina mwenyewe anayekuja na gari kuchukua vilivyomo. Kitu cha namna hiyo walikuwa wanakijua. Ni kama ajansi ya basi, pale unapoacha kifurushi cha shangazi yako wa Rumonge, unaandika jina lake juu, na kesho yake anakipata. Bila shaka chama kimeleta ajansi ya nguo. Mambo ya wenye pesa huwa hivyo, wanazunguka mbali kufika karibu, lakini wanafika. Basi kila mmoja akafunga kifurushi chake, akabandika karatasi, na Elsa, binti wa Mama Elsa aliyekuwa na mwandiko mzuri, akawaandikia wote. Kwa mjane wa fundi baiskeli. Kwa mzee wa kikohozi, nyuma ya kinu. Kwa yule mtoto anayepita bila suruali. Mawazo aliwatazama kutoka nyuma ya karai lake la mafuta wakija mmoja mmoja, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda posta, wakisukuma vifurushi kwenye mdomo wa chuma. Aliona kosa lao, lakini kulisema kungetaka sauti, na sauti hakuwa nayo.

Na kama mambo yangeishia hapo, angecheka peke yake na kugeuza mandazi. Lakini nyumbani alikuwa na dada.

Benite, dada yake mkubwa, alikuwa na mimba iliyofika mwisho. Kabla ya hiyo alikuwa amezika watoto wawili, wote wakiwa bado hawajajua kucheka. Mume wake Moïse, mbeba magunia kwenye depo moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, ni mtu mwema, na wema wake ulikuwa umemponza: mara zote mbili alikwenda dukani kwa furaha, akanunua nguo mpya za mtoto zikiwa bado ndani ya nailoni. Baada ya msiba wa pili, bibi zao wa ukoo walisema kile ambacho wangeweza kukisema mapema. Kwao, nguo ya kwanza ya mtoto hainunuliwi. Inatoka mkononi mwa mwanamke ambaye watoto wake wamekaa, ikiwa imeshavaliwa na kulainika, na inafika kabla uchungu haujaanza. Wala haiombwi. Si mama anayeomba, si mtu mwingine wa nyumba yake, si kwa mdomo, si kwa kutupa jicho. Ukiiomba, mtoto huja kama mgeni aliyejialika, na mgeni aliyejialika hakai.

Amélie, jirani wa ng'ambo ya mtaro, alikuwa na watoto wengi na wote walikuwa hai, tena wenye kelele. Kila mtu alijua kwamba ameshaandaa kifurushi cha Benite na hakuna aliyekitaja. Mawazo alikuwa ameziona nguo zenyewe zikikauka kwenye kamba ya Amélie: vifulana vidogo vilivyofifia, vitambaa vya kufungia, na sweta ya manjano iliyofumuka mkono mmoja. Tumbo la Benite lilikuwa limeshashuka. Kila jioni alifagia mlangoni polepole, bila kutazama ng'ambo.

Lakini Amélie ni mtu wa kutii. Hata mbuzi akimlilia njiani yeye humpisha. Alisikia neno faini, akasikia neno shefu, akafunga nguo zile kwa kipande cha kitenge chake chenye mananasi, akaenda sandukuni. Jina hakuandika, nani ataandika jina la mtu ambaye hajazaliwa? Aliamini tu kwamba wenye kazi wanaijua kazi yao. Mawazo alimwona akinyanyua kifurushi. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga tena. Sanduku likameza. Chuma kikagonga chuma, na Amélie akampungia mkono kwa furaha, kama mtu aliyetimiza.

Usiku ule Mawazo alimnong'oneza Moïse uani. Moïse, ambaye ana mabega kuliko maneno, alisema atalibeba sanduku zima mgongoni alipeleke mtoni. Kisha akakumbuka shefu, akakumbuka kazi yake, akakaa. Halafu akamweleza alichokuwa akikiona kazini na hakukijali. Chama kile kilikuwa na stoo nyuma ya depo yao. Nguo zikifika huko hugawanywa mafungu mawili. Nzuri huchukuliwa na wachuuzi wa caguwa, wanaouza mitumba sokoni. Zilizochakaa hukatwa vipande na kuuzwa magereji, za kufutia mashine mafuta. Juzi tu fundi mmoja alimrushia Moïse kitambaa afute mikono, akakuta kina kifungo kidogo chenye umbo la bata.

Benite hakuweza kuambiwa, maana angeanza kungoja kwa macho. Amélie hakuweza kuulizwa, maana kumuuliza ni kumwomba. Na kwa Jérémie hakuna mdomo wa nyumba ile ulioweza kwenda kusema naomba. Walikuwa na midomo mitatu na hakuna hata mmoja uliokuwa na ruhusa.

Sanduku likafunguliwa Jumamosi iliyofuata. Prezidante alikuja mwenyewe, amevaa gauni la kitambaa kizito lenye mabega ya kupanda, na nyuma yake mpiga picha. Walitandika meza, juu ya meza kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa chupa ya maji ya Prezidante. Chini, kwenye vumbi, wakatandika turubai. Hiyo ilikuwa ya nguo chakavu. Watu waliitwa wasimame karibu, kwa sababu picha ya ukarimu bila maskini nyuma yake inaonekana kama picha ya mtu anayehama nyumba.

Jérémie alifungua kufuli, akatoa kifurushi cha kwanza, akaona karatasi. Aliisoma kimya, akatabasamu, kisha akaisoma kwa sauti ili Prezidante na mpiga picha nao wacheke.

“Kwa mjane wa fundi baiskeli.”

“Niko,” akasema mjane wa fundi baiskeli, akatoka kundini, akachukua kifurushi chake kwa adabu, akarudi.

Jérémie alibaki na mikono mitupu. Kabla hajaelewa, mkono wake ulikuwa umeshashika kifurushi cha pili na mdomo wake unasoma, kwa mazoea tu ya mtu aliyezoea kusoma kila kilicho mbele yake. Kwa mzee wa kikohozi. Mzee akakohoa, njia ikafunguka, akapokea. Kundi lilipendezwa. Watu walianza kusogea mbele, wakisukumana kidogo, kama kwenye ajansi gari la mizigo likishaingia. Kwa dakika chache chama kile kilifanya kazi kuliko kilivyowahi kufanya tangu kianzishwe.

Prezidante aligonga meza. Alisema apana, warudishe, hakuna kugusa kitu. Akawauliza kama wanafikiri hapa ni posta.

“Posta inafikishaka, mama,” alisema Mama Elsa kutoka nyuma.

Watu walicheka, na shefu wa kartie akatazama viatu. Prezidante hakucheka. Aliwahutubia. Aliwaambia kwamba yeye ameacha nyumba yake, ameacha wageni wake, amekuja kwenye vumbi hili kwa mapenzi tu, na kumbe watu wenyewe hawajui hata sanduku ni nini. Alisema asante ya punda ni mateke. Alisema maskini wa siku hizi wana majina, wana anwani, bado kidogo watadai stempu. Mjane alirudisha kifurushi. Mzee alirudisha kifurushi. Jérémie akachana karatasi zote, moja baada ya nyingine, na mwandiko mzuri wa Elsa ukaenda na upepo wa barabara.

Kisha akatoa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge chenye mananasi.

Prezidante alikifungua mwenyewe. Labda alitaka kuonyesha kwamba haogopi kushika. Aliinua ile sweta ya manjano kwa vidole viwili, akainyoosha mbali na mwili wake kama mtu anayebeba panya kwa mkia.

“Angalieni,” alisema. “Mutoto gani atavaa hii? Muko munatupatia takataka, kisha munaita ni musaada. Hii ni ya mashine.”

Akaitupa kwenye turubai. Vifulana vikafuata, vitambaa vikafuata. Amélie, aliyekuwa mbele kabisa, alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Sasa ndiyo alielewa, na hakuweza kusema kitu, maana mwenye kutoa naye hatangazi. Wanawake wote wa Musaga walikuwa wanajua nguo zile ni za nani. Walisimama kama watu walioshikilia kitu kinachovunjika.

Mawazo hakujua miguu yake ilitoka lini nyuma ya karai. Alijikuta amesimama mbele ya turubai, unga kwenye mikono, watu wote wanamtazama, jambo ambalo siku nyingine lingemfanya atamani ardhi imfunike. Alizitazama nguo. Hakuinama. Kuinama ilikuwa kuiba mbele ya shefu, na kusema ilikuwa kumfukuza mtoto. Basi alisimama tu.

“We mudada,” alisema Jérémie, “unataka nini?”

Kimya.

“Unataka hizi? Bon, sema. Sema ninaomba.”

Kimya. Jérémie alirudia polepole, akivuta kila neno, kama anayemfundisha kasuku. Ni-na-o-mba. Alisema si vigumu, hata watoto wanaweza. Alisema chama hakina ubaya, chama kinataka tu adabu, mtu aombe, apewe, ashukuru. Jasho lilimtoka Mawazo shingoni. Hakuwahi kushukuru haya yake kama alivyoishukuru saa ile, kwa sababu mtu mwingine, mwenye ulimi mwepesi, angeteleza.

“Huyu ni bubu,” Jérémie akasema mwishowe, akageuka kwa Prezidante.

Hakuna mtu wa Musaga aliyemsahihisha. Mama Elsa mwenyewe, ambaye husahihisha hata padri, aliangalia angani.

Na uso wa Prezidante ukabadilika. Ukalainika, ukang'aa, ukawa uso wa mtu aliyeokota kitu. Bubu! Kijana, mwembamba, unga mikononi, anatazama vinguo vya mtoto mchanga. Alimwita mpiga picha kwa kidole. Alizikusanya nguo zote kutoka kwenye turubai, yeye mwenyewe, zile za panya na mkia, akazipangusa vumbi, akazikumbatia kifuani. Alimuuliza Mawazo kama mtoto ni wake, akamjibia yeye mwenyewe kwamba ndiyo, maskini, na baba bila shaka amekimbia; hao wanaume ndivyo walivyo. Kwa hiyo, katika muda wa kufuta lenzi ya kamera, Mawazo alipata ububu, mimba na kuachwa.

Picha hazikuwa rahisi. Mara ya kwanza Prezidante alifumba macho. Mara ya pili jua lilikuwa upande mbaya. Mawazo alipewa, akanyang'anywa, akapewa tena. Waligeuza meza. Walimwambia atazame juu, si sana, aonekane anatazama uso wa mama yake. Alipotazama kawaida, mpiga picha alilalamika kwamba hana huzuni. Prezidante alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yakaanza kumtetemeka, na kati ya picha na picha alinong'ona, tafadhali, moja nyingine, moja tu, vumilia kidogo. Mawazo alivumilia. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuona poda ilivyoganda kwenye mikunjo ya shingo, na jinsi macho yake yalivyomtafuta mpiga picha kila mara, kama mtoto anayetafuta jicho la mwalimu. Moyoni Mawazo hakuwa na hasira. Hasira unamwekea mtu mnayelingana naye. Alichokuwa nacho ni kile unachokihisi ukimkuta kuku anapigana na kioo.

Walipotosheka walimwachia. Alizifunga nguo kwa kile kitenge cha mananasi, akaondoka bila kuinamisha kichwa. Jérémie alisema nyuma yake kwamba hata bubu angeweza kuashiria asante.

Hakwenda nyumbani. Nguo zilikuwa zimepita mkono usiofaa, na kuziingiza kwa Benite vile zilivyo kungekuwa kumvisha mtoto Prezidante. Alivuka mtaro, akaziweka kwenye kizingiti cha Amélie, akarudi kwenye mandazi yake, ambayo yalikuwa yameungua yote na watoto wa mtaa wameshayala hivyohivyo.

Amélie alizikuta. Hakuuliza zimefikaje. Alichemsha maji, akazifua upya moja moja kama nguo za maiti au za bibi harusi, akazianika ndani, si kwenye kamba ya nje. Zilipokauka alizibeba waziwazi kifuani, akavuka mtaro mchana kweupe, akampita shefu wa kartie aliyekuwa amekaa kinyozini. Shefu alimwona. Shefu alikuwa amezaliwa Musaga na yeye mwenyewe, na nguo yake ya kwanza ilikuwa imetoka mahali. Alimwambia kinyozi amgeuzie kiti.

Amélie alifika kwa Benite, akasema, “Nimepita.” Benite akasema, “Karibu.” Nguo zikahama mikono. Hayo tu. Moïse, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya nyumba, alilia akidai ni moshi, wakati moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Mtoto alizaliwa kabla wiki haijaisha. Wa kike. Walimwita Ernestine. Alikaa wiki zile ambazo wenzake hawakuzivuka, nyumba nzima ikitembea kwa ncha za vidole, akakaa zaidi, akajua kucheka, akaota meno na kumng'ata Moïse bega. Akakaa.

Sanduku ndilo halikukaa. Tangu siku ya picha hakuna aliyeweka nguo humo. Waliweka maganda ya ndizi, betri zilizokufa, na siku moja kuku aliyekufa kifo kisichojulikana. Nguo zilirudi kutembea kwa miguu yao. Harufu ilipozidi, watu wa zoni, maofisa wa mji, walikuja, wakapiga namba iliyoandikwa chini ya KUTOA NI MOYO, wakapiga tena. Simu ya chama ilikuwa haipatikani. Kanuni za mji, zile za mtu wa ufagio, zilisema sanduku likigeuka jalala mwenyewe aliondoe. Barua ikapanda mlima mpaka Gihosha.

Ndipo Prezidante akarudi Musaga, na Jérémie, na gari la mizigo. Wakati vijana wanalipakia sanduku huku wameziba pua, yeye alimwona Mawazo kwenye mandazi, Ernestine amefungwa mgongoni. Benite alikuwa amekwenda sokoni. Prezidante alivuka barabara mikono imefunguliwa. Jérémie alimfuata akiwa na kalenda ya chama, karatasi ya kung'aa, na kwenye ukurasa wa mbele alikuwa Mawazo, mikono imenyooshwa, na Prezidante hajafumba macho. Jérémie alimsomea maneno ya chini, kwa sauti ya juu, maana watu hao waliamini bubu ni kiziwi pia: Bubu wa Musaga alituomba nguo ya mwanawe, tukampa.

Prezidante alimshika Ernestine shavu. Alisema angalieni alivyonenepa, huyu ni mtoto wa chama. Alisema mwaka mpya unakuja na kalenda nyingine inahitajika. Simama hapa, mutoto mbele, nyoosha mikono kama siku ile, unakumbuka ulivyotuomba? Akamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe, viganja juu, jinsi ya kuomba. Alibaki hivyo katikati ya barabara ya Musaga, viganja juu, mabangili yanang'aa, anangoja.

Wateja walikuwa wamejaa kwenye benchi. Mama Elsa alikuwepo, na mara hii hakuangalia angani. Mawazo aliopoa mandazi ya mwisho, akaweka mwiko kando, akafuta mikono. Alikuwa na neno ambalo alilibeba tangu ile Jumamosi, hakulisema kwa Moïse, hakulisema kwa Amélie, hakulisema hata peke yake usiku. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo na ya heshima, sauti ya kumsemesha mtu mkubwa.

“Mama, siku ile mi sikuomba kitu. Wenye kuomba mulikuwa ninyi. Muliomba picha, nikawapatia.”